Sebule iliyogeuka darasa, na sheria isiyoitambua

*Saboti, Kitale na Bungoma zina familia za Kikristo zinazowasomesha wana wao nyumbani. Mvutano wao na serikali huzungumzwa kwa lugha ya imani na haki, lakini chini yake kuna swali la kiutawala ambalo halijajibiwa: ni nani anayethibitisha kwamba mtoto amesoma?*

Mvulana wa Kenya aliyefikia umri wa Gredi ya Sita bila kuandikishwa katika shule yoyote anaweza kuwa anasoma Kiswahili na Kiingereza bila kukwama, anaelewa sehemu na desimali, na ameisoma Biblia kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo, lakini katika kumbukumbu za elimu za taifa akawa hayupo. Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC) humtambua mwanafunzi kupitia shule iliyosajiliwa, na shule hiyo ndiyo inayomwombea nambari ya tathmini na kupakia alama zake katika mtandao wa baraza mwaka baada ya mwaka.

Hilo ndilo tatizo linalozikabili familia za Kikristo zilizoamua kuwasomesha watoto nyumbani katika Saboti, eneobunge la Kaunti ya Trans Nzoia lenye wadi tano za Kinyoro, Matisi, Tuwani, Saboti na Machewa, linaloanzia kwenye miteremko ya Mlima Elgon na kushuka hadi ndani ya mji wa Kitale. Familia za namna hiyo zinapatikana pia katika kaunti jirani ya Bungoma, na miongoni mwazo wamo wamisionari kutoka ng'ambo pamoja na Wakenya wenyeji.

Elimu ya nyumbani, kwa maana inayotumika hapa, ni mpango ambao mzazi anabeba jukumu lote la kumfundisha mwanawe masomo ya shule, akichagua mtaala, akipanga ratiba na kupima maendeleo mwenyewe. Mpango huo si tuisheni, ambayo huongezwa juu ya masomo ya shule, wala si utoro, ambapo mtoto hasomi popote, ingawa sheria ya Kenya haijaweka mpaka ulio wazi kati ya mtoro na mtoto anayesomea nyumbani.

Mjadala huu huendeshwa kana kwamba unahusu mahali mtoto anapoketi, ilhali kiini chake ni uwajibikaji: mzazi anapojitwika kazi ya mwalimu, ni nani atakayemkagua, kwa kipimo gani, na mtoto atapata cheti gani mwishoni mwa safari hiyo.

Siku ya masomo

Maisha ya kila siku ya familia hizi hayafanani kwa kila jambo, lakini mfano wa nyumba yenye wavulana watatu wa miaka mitano, saba na kumi unatosha kuonyesha jinsi kazi hiyo inavyogawanywa. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, asubuhi zake ni za baridi, na siku huanza kwa moto wa jikoni, kukamua ng'ombe, kuwafungulia kuku na kuteka maji kabla ya kitabu chochote kufunguliwa.

Baada ya uji hufuata ibada ya asubuhi, ambayo kwa wazazi hawa ndiyo somo la kwanza na msingi wa mengine yote. Hoja yao ya kidini hujengwa hasa juu ya sura ya sita ya Kumbukumbu la Torati, inayompa mzazi wajibu wa kuwafundisha watoto amri za Mungu wakati wote wa siku, na juu ya mafundisho ya Mithali kuhusu malezi. Wimbo wa Tenzi za Rohoni huimbwa, fungu husomwa kwa zamu, na mtoto mdogo kabisa huombwa aeleze kwa maneno yake alichosikia.

Masomo yenyewe hufanyika katika vipindi vifupi, kwa kawaida kati ya saa mbili na nusu asubuhi na saa sita mchana, kwa kuwa mzazi mwenye watoto watatu hahitaji muda wa kuita majina, kupanga foleni wala kungoja darasa la watoto hamsini litulie. Vipindi vya dakika kumi na tano au ishirini huwafaa zaidi wavulana wadogo, ambao baada ya muda huo huanza kubembea kwenye viti na kuchokozana, hivyo wazazi wengi huwatoa nje wazunguke shamba mara moja kabla ya somo linalofuata.

Mtoto wa miaka mitano hufundishwa silabi kwa kadi zilizokatwa kutoka katoni, akianza na *ma, me, mi, mo, mu*, kisha akiunganisha mbili na kupata neno. Ugumu huanza katika herufi zinazoshikamana: mtoto anayesoma *ngoma* kwa urahisi hukwama kwenye *ng'ombe*, kwa sababu tofauti ya sauti hizo mbili imebebwa na alama moja ndogo ambayo jicho lake bado halijazoea kuiona, na mama hulazimika kuirudia asubuhi kadhaa mfululizo hadi imkae.

Kwa wa miaka saba, hesabu ya sehemu hufundishwa kwa gorogoro, yaani mkebe unaotumika sokoni kupimia nafaka, ambao huchukua takriban kilo mbili za mahindi. Mtoto humimina nusu, kisha robo, halafu huulizwa gunia la kilo 90 litatoa gorogoro ngapi, swali ambalo kila mfanyabiashara wa nafaka mjini Kitale hulijibu kichwani bila kalamu.

Kaka yao wa miaka kumi hupewa kazi iliyo nzito zaidi. Mojawapo ya vipimo vya kupandia mahindi ni sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashina, maana yake kila shina linamiliki eneo la mita mraba 0.225. Ekari moja ni takriban mita mraba 4,047, na mvulana akigawanya hupata takriban mashina 18,000, jibu analoweza kulithibitisha mwenyewe kwa futikamba katika kipande kidogo cha shamba la baba yake.

> *Hesabu ya ekari moja ya mahindi humpa mvulana takriban mashina 18,000, na shamba lenyewe liko mlangoni.*

Mchana huachiwa kazi za mikono, na hapo familia hizi hutofautiana na desturi ya majirani wengi, kwa kuwa wavulana huosha vyombo, husukuma chapati na kufua nguo zao kama sehemu ya masomo. Baba, ambaye mara nyingi ni mkulima, mchungaji au mfanyakazi wa shirika la kanisa, huchukua zamu ya jioni ya kusikiliza usomaji na kusahihisha hesabu.

Hata hivyo, uzito mkubwa humwangukia mama. Yeye ndiye mwalimu wa madarasa matatu kwa wakati mmoja, mpishi, mlezi wa mtoto mchanga iwapo yupo, na mtunza kumbukumbu za masomo, na anapougua shule nzima hufungwa. Wengi huacha ajira ili kuifanya kazi hiyo, na mshahara unaokosekana ni gharama ambayo ni nadra kuhesabiwa pale elimu ya nyumbani inaposifiwa kuwa nafuu.

Vitabu na gharama zake

Familia hizi hutumia mitaala ya aina tatu. Ya kwanza ni Accelerated Christian Education, inayojulikana kwa kifupi kama ACE, iliyoanzishwa Texas, Marekani, mwaka 1970. Katika mfumo huo kila somo hugawanywa katika vijitabu 12 kwa mwaka, mtoto hujisomea kwa mwendo wake, na haruhusiwi kuendelea na kijitabu kinachofuata mpaka apate alama ya juu, kwa kawaida asilimia 80, katika mtihani wa kile alichomaliza.

Mvulana mmoja mwenye masomo matano huhitaji vijitabu 60 kwa mwaka, na kwa kuwa vinaandikwa ndani mwake haviwezi kurithiwa na mdogo wake. Kwa familia inayotegemea mavuno ya mahindi, ambayo katika Trans Nzoia hupandwa Machi au Aprili na kuvunwa kuanzia Oktoba, ununuzi huo hulazimika kungoja mahindi yauzwe.

Njia ya pili inatokana na mawazo ya Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyeishi kati ya 1842 na 1923, aliyesisitiza vipindi vifupi, vitabu vyenye simulizi hai badala ya muhtasari, usimulizi wa mtoto mwenyewe baada ya kusoma, na daftari la kuchora mimea na wanyama. Mazingira ya Kitale yanaifaa sana njia hiyo, kwa kuwa mji una jumba la makumbusho lililotokana na mkusanyiko wa Luteni Kanali Hugh Stoneham, na Mbuga ya Taifa ya Saiwa Swamp, makazi ya swala wa majini aitwaye nzohe, haiko mbali.

Njia ya tatu ni kuufuata nyumbani Mtaala wa Umilisi wa Kenya (CBC), unaojengwa juu ya stadi anazoweza mtoto kuzionyesha badala ya maarifa anayokariri pekee. Vitabu vyake vilivyoidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) hupatikana katika maduka ya Kitale na Bungoma, na ndivyo vya bei nafuu zaidi, ingawa baadhi ya wazazi huviongezea mafundisho ya dini yanayolingana na imani yao.

Kanisa lililoleta shule

Katika magharibi mwa Kenya shule na kanisa viliingia kwa mlango mmoja. Wamisionari wa dhehebu la Friends, maarufu kama Quakers, walifika Kaimosi mwaka 1902, na baadaye kazi yao ikasambaa hadi Lugulu na Kamusinga katika nchi ya Wabukusu, huku Wakatoliki wakijenga vituo vyao kama Kibabii. Kwa vizazi kadhaa, kuwa Mkristo na kwenda shule yalikuwa mambo yasiyotenganishika, na ndiyo sababu wazee wengi wa makanisa hushangaa kuona mzaliwa wa kanisa hilohilo akimwondoa mwanawe darasani kwa jina la Kristo.

Wamisionari wenyewe, kwa upande mwingine, walikuwa na desturi ndefu ya kuwasomesha watoto wao nyumbani kabla ya kuwapeleka bweni, ama ng'ambo ama katika shule kama Rift Valley Academy ya Kijabe, iliyoanza mwaka 1906. Mfano unaofahamika zaidi ni Louis Leakey, mtafiti wa chimbuko la binadamu, aliyezaliwa Kabete mwaka 1903 kwa wazazi wamisionari wa Kianglikana.

Leakey alisoma nyumbani kwa wazazi na walimu wa kuajiriwa hadi ujana wake, akazungumza Kikuyu kama wenzake wa kijijini, akapitia jando pamoja na rika lake, na akaanza kuokota zana za mawe za kale akiwa bado mvulana, baada ya kusoma kitabu cha watoto kuhusu watu wa kale. Alipopelekwa katika shule ya bweni Uingereza akiwa na umri wa takriban miaka 16, alitengwa na wenzake na akapata taabu kuzizoea kanuni zao, kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1922.

Pande zote mbili za mjadala wa leo zinaweza kumtumia Leakey kama ushahidi. Nyumba ilimpa udadisi ambao darasa la wakati wake halikuwa na nafasi ya kuulea, lakini kuvuka kutoka nyumba hiyo kwenda katika taasisi kulikuwa kugumu, na kilichomwokoa ni kwamba mwishowe palikuwapo mlango wa kuvukia.

Sheria inasema nini

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaitekeleza haki hiyo kwa kumtaka mzazi ahakikishe kwamba mtoto wake anahudhuria shule mara kwa mara, na sehemu yake ya 30 inamhesabu anayekiuka kuwa mkosaji, kwa adhabu inayoweza kufikia faini ya shilingi 100,000, kifungo cha mwaka mmoja, au vyote viwili.

Sheria hiyo inamhusu mtoto Mkenya na mtoto anayeishi Kenya, kwa hivyo kwa maandishi haimtofautishi mmisionari wa Marekani na mkulima wa Machewa.

Mwaka 2019 mzazi mmoja wa Kaunti ya Kakamega, inayopakana na Bungoma, alikamatwa na kushtakiwa kwa kutowapeleka watoto wake shuleni, ilhali alikuwa akiwafundisha nyumbani. Suala hilo lilifikishwa katika Mahakama Kuu, ambako wazazi walidai kwamba vifungu vinavyolazimisha mahudhurio ya shule vinakiuka Katiba, lakini mahakama haikukubaliana nao.

Hoja za wazazi si za imani peke yake. Kifungu cha 32 cha Katiba kinalinda uhuru wa dhamiri na dini, na Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, katika kifungu cha 26, linampa mzazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wake. Wanakumbusha pia kwamba shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya virusi vya korona, na zikakaa bila kufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2021, serikali yenyewe iliwaomba wazazi wasimamie masomo nyumbani kwa msaada wa vipindi vya redio na televisheni.

KWA UFUPI

• Katiba ya 2010, kifungu cha 53: elimu ya msingi ni bure na ya lazima kwa kila mtoto.

• Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, sehemu ya 30: mzazi asiyempeleka mtoto shuleni anaweza kutozwa hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili.

• Ujerumani imeikataza elimu ya nyumbani. Afrika Kusini inairuhusu kwa masharti. Marekani inairuhusu katika majimbo yote 50.

Hofu ya serikali

Maafisa wa elimu na walimu wana sababu nzito za kuushikilia msimamo wao. Kitale ni mji unaojulikana kwa idadi ya watoto wa mitaani, wengi wao wavulana, na chifu anayemkuta mvulana wa miaka kumi sokoni saa nne asubuhi siku ya Jumanne hana njia ya kujua iwapo ametumwa na mama yake kama sehemu ya somo la hesabu au ametoroka nyumbani mwezi uliopita. Tangu serikali ilipoanza kusisitiza kwamba kila anayemaliza shule ya msingi lazima aendelee na ya upili, machifu na manaibu wao wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuwasaka watoto walio nje ya shule, na katika msako huo hakuna orodha inayowatofautisha.

Hofu ya pili ina jina la mahali. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi yake ikiwa ya watu wanaoaminika kuwa wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, ambaye miaka kadhaa kabla ya hapo alikuwa amefikishwa mahakamani kwa tuhuma zilizojumuisha kuwazuia watoto wasiende shule. Mackenzie ameyakana mashtaka yanayotokana na vifo hivyo, lakini kwa maafisa wengi wa serikali, mtoto aliyeondolewa shuleni kwa sababu za dini amekuwa dalili ya hatari inayopaswa kushughulikiwa mapema.

Familia zinazosomesha nyumbani huona ni dhuluma kuwekwa katika kapu moja na watu wa Shakahola, kwa kuwa zenyewe hununua vitabu, huwapeleka watoto hospitali na huwaandaa kwa vyuo vikuu. Ukweli ni kwamba malalamiko yao ni ya haki na hofu ya serikali pia ni ya haki, na yote mawili yana chanzo kimoja: serikali haina chombo cha kuitofautisha nyumba inayofundisha na nyumba inayoficha, na familia zinazofundisha zimejifunza kujificha kwa sababu kujitokeza ni kujishtaki.

> *Serikali haina chombo cha kuitofautisha nyumba inayofundisha na nyumba inayoficha.*

Walimu huongeza kwamba shule ni jicho la pili juu ya mtoto. Mwalimu wa darasa ndiye anayeweza kuona alama za kipigo, njaa au upungufu wa kusikia ambao mzazi hakuutambua au ameuficha, na mtoto asiyeonwa na mtu mzima yeyote nje ya ukoo wake hupoteza ulinzi huo, hata kama wazazi wake ni wema.

Mvulana na rika lake

Kwa wavulana wa eneo hili swali la kujumuika na wenzao lina uzito wa pekee. Miongoni mwa Wabukusu, tohara hufanyika hasa mwezi Agosti wa miaka inayogawanyika kwa mbili, na wanaotahiriwa mwaka mmoja huwa bakoki, watu wa rika moja wanaodaiana msaada na heshima maisha yao yote, ndani ya mzunguko wa marika manane yanayorudi kwa zamu: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Wasabaoti wa miteremko ya Elgon nao wana mila yao ya jando.

Familia nyingi za Kikristo humtahiri mtoto hospitalini na kuziepuka sherehe ambazo wanaziona kinyume na imani. Mvulana wa familia ya namna hiyo anayesoma shuleni hupata wenzake darasani na uwanjani, lakini anayesomea nyumbani amekosa rika la shule na la mila kwa pamoja, na kanisa hubaki kuwa chemchemi yake pekee ya marafiki.

Wazazi hujibu kwamba mtoto anayeshirikiana na wadogo zake, wakubwa zake na wazee hujumuika vizuri kuliko anayeketi mwaka mzima na watoto wa umri wake tu. Shule ya Jumapili, mechi za kandanda za Jumamosi na safari za pamoja za familia kadhaa hutumika kuliziba pengo. Hata hivyo, familia hizo zikianza kukutanisha watoto kwa masomo ya kila siku, huvuka mstari mwingine wa sheria, kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kutoa elimu ya msingi kwa mfumo wa shule bila usajili.

Kukhu, yaani nyanya, huwa mpinzani wa karibu zaidi. Katika vijiji vya Bungoma, sare ya shule ni ushahidi unaoonekana kwamba mjukuu anatunzwa, na wavulana wanaoshinda nyumbani bila sare humfanya ajibu maswali ya majirani ambayo hana majibu yake.

Alama zinazoanza mapema

Mageuzi ya mtaala yamelifanya tatizo kuwa kubwa zaidi. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, mtihani mmoja wa mwisho wa Darasa la Nane ndio ulioamua hatua inayofuata, na mtihani huo, KCPE, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtu aliyejifunzia popote aliweza angalau kuwaza kwamba siku moja angetafuta kituo, aketi na kuonyesha anachokijua.

Mtaala wa Umilisi umeibadilisha hesabu hiyo. Katika kumpangia mwanafunzi shule ya upili ya juu, asilimia 60 hutokana na tathmini ya kitaifa ya Gredi ya Tisa, asilimia 20 na tathmini ya Gredi ya Sita, na asilimia 20 zilizobaki na tathmini zinazofanyiwa shuleni katika Gredi ya Saba na ya Nane. Mfumo huu una sifa ya kutomhukumu mtoto kwa siku moja, lakini kwa sababu hiyohiyo unahitaji mahali panapotambuliwa pa kukusanyia alama zake tangu akiwa mdogo.

Matokeo yake ni kwamba mvulana wa nyumbani hujikuta nje ya mfumo miaka mingi kabla ya mtihani wa mwisho. Baadhi ya familia hukimbilia mitihani ya kimataifa kama ya Cambridge, ambayo hupokea watahiniwa wa kibinafsi katika vituo vilivyoidhinishwa lakini ada zake ni za fedha za kigeni. Nyingine hupatana na shule ya karibu imsajili mtoto asiyehudhuria, jambo linalolifanya daftari la mahudhurio kusema uongo na kumfundisha mtoto wa ibada ya asubuhi somo ambalo halimo katika ratiba.

Nchi nyingine zimefanyaje

Ujerumani imechagua upande wa kuikataza kabisa elimu ya nyumbani, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliuunga mkono msimamo huo katika kesi za familia za Konrad mwaka 2006 na Wunderlich mwaka 2019. Marekani imechagua upande wa pili, ingawa kwa viwango tofauti: Texas haimdai mzazi hata taarifa, wakati New York inamtaka awasilishe mpango wa masomo na ripoti kila robo ya mwaka.

Afrika Kusini ndiyo inayofaa zaidi kulinganishwa na Kenya. Sheria yake ya Shule ya mwaka 1996 ilimruhusu mzazi kuomba mtoto asajiliwe kwa elimu ya nyumbani kupitia idara ya elimu ya jimbo, na marekebisho yaliyotiwa saini mwaka 2024 yakaongeza masharti ya tathmini, licha ya upinzani wa vyama vya wazazi walioona mkono wa serikali ukiingia sebuleni.

Kenya tayari ina vipande vya kujengea mfumo kama huo. Bodi za elimu za kaunti zipo kisheria, maafisa wa uhakiki wa ubora hukagua shule katika kila kaunti ndogo, na KNEC hutunga tathmini ambazo mtoto yeyote anaweza kuzifanya akipewa kituo. Kinachokosekana ni Bunge kuirekebisha sehemu ya 30 ili imtambue mzazi aliyesajiliwa, na kanuni zitakazotaja shule ya umma ya kila wadi ambako mtoto wa nyumbani atafanyiwa tathmini pamoja na wenzake.

Mpango huo hautakuwa rahisi kwa upande wowote. Serikali italazimika kukiri kwamba shule si mahali pekee pa kusomea, jambo ambalo chama chochote cha walimu kitalipokea kwa tahadhari, na kuwaongezea kazi maafisa ambao hata sasa hawatoshi kuzikagua shule zilizopo.

Familia nazo zitalazimika kumfungulia mlango mkaguzi, kumwonyesha madaftari, na kukubali kwamba mtoto akishindwa mara mbili tatu atarudishwa darasani hata kama wazazi wanaamini waliitwa na Mungu kumfundisha. Mzazi anayedai haki ya kuwa mwalimu anadai pia wajibu wa kukaguliwa kama mwalimu, na familia isiyokuwa tayari kwa hilo itakuwa imeithibitisha hofu ambayo serikali inayo sasa bila ushahidi.